Jicho Juu ya Mlango wa Kliniki

Juzi tulimzika Mwalimu Karanja huko Murera, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko huzuni. Watu wa loji yake ya Freemason walikuja kutoka Thika na suti nyeusi na glavu nyeupe, wakasimama kwa mstari nyuma ya hema, wote wazee sasa, wengine wakiegemea mikongojo. Pasta kijana aliyeongoza ibada aliwaambia mbele ya watu kwamba wanaweza kumzika mwenzao kama watu wengine wote, lakini mambo yao ya Kimasoni wayaache kwa gari. Walikuwa na vijitawi vya majani mabichi, maana kwa desturi yao kila ndugu hudondosha kimoja kaburini. Wakavirudisha mifukoni bila neno. Mama mmoja niliyeketi naye akaniinamia. "Nesi, ati wewe ulifanya kazi na hao? Uliona nini huko?" Nikamwambia niliona kuku wa kuchoma na viazi. Alidhani namficha. Ningekuwa na nguvu zangu za zamani ningesimama niwagombeze wote, pasta kwa kusema asichokijua na wazee wale kwa kunyamazia wanachokijua. Nimeuona mchezo huo tangu nikiwa msichana, na niliuona ukimaliza macho ya mtu.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uuguzi, kaunsili ikanipeleka kliniki ya macho ya Ruiru, vyumba viwili nyuma ya soko vyenye madirisha yasiyofungika vizuri. Nilipanga chumba Murera kwa Cucu Wambui, mjane wa umri wa nyanya yangu, aliyekuwa na ng'ombe mmoja, shamba la mahindi na ulimi mkali. Chumba changu kilipakana na jiko lake, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu na habari zake zote zilikuwa zangu. Jioni nilikuwa nakula kwake. Alikataa kabisa nijipikie, akasema msichana anayepika chakula cha mtu mmoja anajizoesha upweke. Githeri yake ya mahindi na maharagwe ilikuwa tamu, na ilikuwa na mawe. Mwanzoni nililaumu maharagwe ya soko la Ruiru, mpaka siku moja nilimtazama akichagua maharagwe kwenye ungo. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni na vidole ndivyo vilivyokuwa vikitafuta. Chai pia alikuwa ameanza kuimimina huku kidole kimetangulizwa ndani ya kikombe, apate kujua imefika wapi. Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga, nikaona weupe katikati ya macho yote mawili. Mtoto wa jicho, na alikuwa amekomaa. Nilicheka kwa furaha, jambo lililomuudhi sana, lakini kati ya magonjwa yote ya macho huo ndio niliokuwa na dawa yake. Alikuwa anapangisha muuguzi wa macho, na kliniki yetu ilikuwa na daktari wa upasuaji kila Alhamisi, bure.

Bure hiyo ilitoka kwa Wamasoni. Loji yao ilikuwa Thika, na ndani yake walikuwamo Wahindi wenye viwanda, walimu wakuu, mawakili, mkulima mmoja Mzungu aliyebaki na uziwi wake wa uzeeni, na Wakikuyu wachache kama Mwalimu Karanja. Daktari walimlipa wao, miwani ya watoto wa shule waliinunua wao, na Jumamosi walikuja wenyewe na mashati ya kazi kupaka rangi na kubeba mabenchi. Mwalimu Karanja alikuwa akiwasomesha watoto herufi za ukutani kana kwamba yuko darasani, akimkemea hata mtoto asiyeona. Mkuu wao mwaka huo alikuwa Bwana Jaswant, mwenye karakana ya vyuma, mtu mkubwa mwenye kilemba cha bluu ambaye hakuwahi kufika bila kreti ya soda nyuma ya gari. Watu walikuja kutoka Githurai, Juja, mpaka Gatundu. Hakuna aliyeuliza ni kina nani. Waliwaita tu watu wa Thika, na Cucu mwenyewe alisema Mungu awabariki hao watu wa Thika, akakubali kufika Alhamisi yoyote baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno wakamaliza kujenga chumba kipya cha upasuaji, na hapo ndipo walipofanya kosa ambalo sidhani watu wengine wowote duniani wangeweza kulifanya. Bwana Jaswant alifua kwa mikono yake mwenyewe, kwenye karakana yake, zawadi ya kuweka juu ya mlango. Ilikuwa pembetatu ya shaba, ndani yake jicho moja kubwa lililo wazi, miali ya jua ikitoka pande zote, na chini yake bikari na skwea ya fundi. Kwao jicho lile ni jicho la Mungu anayeona yote, na kliniki ni ya macho. Waliona imefaa sana. Siku ya kufungua walisimama chini yake wakipigwa picha, wamefurahi kama watu waliopata jina zuri la mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili pamoja na wagonjwa na niliona nyuso. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimfunika mtoto wake kichwa na leso, akaondoka.

Jumapili iliyofuata pasta wetu, Pasta Muiruri, alihubiri juu ya jicho hilo kuanzia zaburi ya kwanza mpaka sadaka. Akasema sasa tumejua ni nani amekuwa akitutibu, na kwamba anayeingia chini ya jicho lile ametiwa alama. Mimi nililipwa na kaunsili, kwa hiyo nilisamehewa kama mtu aliyetekwa nyara. Lakini baada ya ibada kikundi cha akina mama kilibaki nyuma, na nilipokuwa nimesimama nje nikimngoja Cucu nilimsikia mwenyekiti wao akisema wazi kupitia dirishani: atakayeingia ule mlango, siku akifa hema ya kikundi haitaenda kwake, wala sufuria, wala mtu wa kupika. Akina mama wakaitikia amina.

"Cucu, wewe unaamini hayo?" nilimuuliza jioni hiyo jikoni. Alikuwa akiponda mukimo, na mwiko ulikuwa ukigonga ukingo wa sufuria mara kwa mara.

"Kuamini nini? Shetani ana kazi mingi, hawezi kaa Ruiru akingojea macho ya mwanamke mzee."

"Basi twende Alhamisi."

"Nikirudi nikiwa naona, halafu?" Akaacha kuponda. "Mimi nilizaa watoto wakaisha, Nyambura. Ndugu za bwana yangu walikula shamba wakabakisha hii. Ni nani atanizika? Wewe? Utaniwekea hema na hiyo mshahara ya kaunsili?"

"Lakini uko hai. Unaongea kaburi na uko hai."

"Ndio. Na nikiwa hai ndio napanga. Kula chakula."

Nilikula, nikauma jiwe. Nilikuwa na umri ambao kifo ni habari ya wagonjwa, na nilimwona mjinga. Leo nina hema ya kikundi changu, nimeichangia tangu nistaafu, na najua alivyokuwa akihesabu. Bado naudhika. Mtu hapaswi kuwekewa macho upande mmoja na mazishi upande mwingine halafu aambiwe achague, na waliomwekea hivyo walikuwa watu wema wa pande zote mbili, hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Nilimwendea Mwalimu Karanja ofisini kwake, shule aliyokuwa akiongoza pale Ruiru. Nilidhani ni jambo la bisibisi na ngazi. Alinisikiliza vizuri, akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Nyambura, umesema ukweli. Lakini hiyo kitu ilipokelewa kwa loji, kwa mkutano. Haiwezi toka bila mkutano."

"Basi waambie kwa mkutano."

"Nilijaribu. Nilisimama nikasema kanisa imelalamika. Mkuu akanikalisha chini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwetu hatuzungumzi dini ndani ya loji. Dini na siasa, hapana. Ndio maana Singasinga na Mhindu na Mkristo na Mwislamu wanaweza kaa pamoja bila kupigana." Alisema hivyo kwa fahari, kisha akaona uso wangu. "Sasa itabidi nitoe notisi bila kutaja kanisa. Niseme tu ni mambo ya rangi na ukuta. Notisi inasomwa mkutano mmoja, kura inapigwa mkutano unaofuata."

"Na mkutano unaofuata ni lini?"

Akatazama dirishani. "Tukitoka kwa mapumziko. Loji hufunga miezi fulani."

Nilimwuliza kama macho ya watu wa Murera nayo hufunga miezi hiyo. Nilijuta kidogo kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akinisaidia. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Pasta Muiruri. Mkewe alinipa chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, tukaketi kwenye viti vyenye vitambaa vilivyofumwa, na pasta naye akanisikiliza vizuri. Kila mtu mwaka huo alinisikiliza vizuri. "Mimi si mtu mgumu," alisema. "Wakuje hapa, waniambie wanafanya nini huko ndani na milango imefungwa na mtu ako na upanga kwa mlango. Wakinieleza, Jumapili nitawaambia watu waende." Nilirudi kwa Mwalimu na maneno hayo, nikihema, nikidhani nimepata ufunguo. Akatikisa kichwa. Upanga ni wa desturi, alisema, hata haukati mkate, na ndani wanafundishana kuwa watu wazuri kwa mfano wa vifaa vya fundi, lakini yaliyo ndani ameapa kutoyasema, na mtu wa kiapo hawezi kwenda kuhojiwa kwa chai.

"Si umeniambia mimi sasa hivi?" nikamwuliza.

"Nimekuambia kidogo."

"Basi mwambie pasta hiyo kidogo!"

"Akiuliza mambo yale mengine, nitanyamaza. Na nikinyamaza atasema nini?"

Nikajaribu akili yangu mwenyewe. Kliniki ilikuwa na bango refu la kitambaa la kampeni ya chanjo, lenye picha ya mtoto anayecheka. Nilipanda ngazi nikalifunga juu ya mlango, mtoto akafunika jicho. Kufikia saa sita soko zima lilikuwa likisema Wamasoni wameanza kujificha, na kwamba wanataka watoto. Hata wagonjwa wachache waliokuwa wakija kwa siri hawakuja tena. Nikaliondoa jioni hiyo hiyo. Cucu aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Wewe mami, kazi ya kuficha huijui." Nikamwambia basi apitie mlango wa nyuma. Akasema mlango wa nyuma ndio hutazamwa na watu wengi zaidi. Daktari nilimbembeleza akaja nyumbani baada ya kazi, akamwangalia kwa tochi jikoni, akaniambia kando kwamba asicheleweshwe, mtoto wa jicho aliyekomaa hivyo anaweza kuvimba akapandisha presha ndani ya jicho, na presha ikishaua mshipa hakuna wa kuurudisha. Alimwachia dawa ya matone. Chumba cha upasuaji hakibebeki kwenye begi.

Kabla ya mapumziko hayo loji ilifanya karamu yake ya akina mama. Ndiyo siku moja ambayo wanawake hukaribishwa, si ndani ya hekalu lao, ila kwenye chumba cha kulia kilicho kando. Mwalimu Karanja alihakikisha nimealikwa, na tena nimepewa kazi: baada ya wao kunywa kwa heshima ya wanawake, mwanamke mmoja husimama kushukuru, na mwaka huo ningekuwa mimi, nesi wa kliniki. Nilikodi gauni. Chumba kilikuwa kirefu, chenye paneli za mbao nyeusi na picha za wakuu wa zamani, wote wakiwa na nyuso za watu wanaongoja basi. Tulikula supu, kisha kuku wa kuchoma na viazi na njegere, na upande wa wasiokula nyama kulikuwa na dengu na chapati ambazo nilizionea wivu. Kando yangu wanaume wawili walizungumza kwa muda mrefu juu ya magari ya wagonjwa ya kununulia hospitali, na nakiri walizungumza kwa moyo. Kila walipokunywa walivigonga mezani pamoja vile vigilasi vyao vyenye vitako vinene, kishindo kimoja, mpaka sahani zikaruka.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikashukuru kwa chakula, kwa daktari, kwa miwani. Kisha nikasema, "Lakini mlango wenu hauingiliki. Kuna mama Murera anapofuka kwa sababu ya ile kitu mmeweka juu ya mlango. Nawaomba kwa heshima yote, iteremsheni kesho. Msingoje mkutano." Nikasikia mpishi akiweka mfuniko jikoni. Kisha, Mungu wangu, wakavigonga vile vigilasi mezani, kishindo kimoja, kwa adabu, kama walivyogonga kwa kila mtu, na mhudumu akaleta kastadi.

Bwana Jaswant alikuja kunitafuta wakati wa kahawa. Nilidhani atanifokea. Macho yake yalikuwa na maji. "Sista, hiyo jicho ni ya Mungu. Mimi nilifua mwenyewe, usiku na mchana. Kwa nyumba yangu tunaomba, kwa yako mnaomba, yeye anaona wote. Ubaya iko wapi?"

"Hakuna ubaya, Bwana Jaswant. Toa tu."

"Yangu ningetoa leo. Lakini si yangu tena. Ni ya loji." Alisema hivyo kwa unyenyekevu wa kweli, na ningependa angekuwa mtu mbaya ili nimchukie nipumzike.

Katikati ya mapumziko jicho la kulia la Cucu likawa jekundu. Alisema ni moshi. Alifunga kichwa kwa kitambaa na kulala mchana, yeye ambaye hakuwahi kulala mchana, na githeri ikaanza kupikwa na mimi. Nilimpeleka hospitali ya serikali kwa nguvu. Tulikaa foleni mpaka jua likageuka, na mganga aliyemwona akaandika kwamba mgonjwa apelekwe haraka kwa daktari wa macho aliye karibu, kliniki ya Ruiru. Nilimsomea Cucu nikiwa nimesimama kwenye korido, akasema huko haendi, nikaanza kulia kwa hasira. "Wacha kelele," aliniambia. "Watu wananiangalia." Hakujua kama kuna watu. Alikisia tu.

Loji ikarudi kutoka mapumziko, notisi ikasomwa, tukangoja tena, kura ikapigwa. Mwalimu Karanja alikuja kliniki mwenyewe kuniambia, anang'aa. Hakuna hata mmoja aliyepinga. Bwana Jaswant mwenyewe ndiye aliyeunga mkono hoja, kisha akaja na ngazi yake na bisibisi yake, akaiteremsha shaba ile, akaifunga kwa blanketi, akaondoka bila kunywa soda. Nilitaka kumshukuru na kumtikisa. Jumapili Pasta Muiruri alitangaza kwamba maombi yameshinda, mlango ni safi, watu waende wakatibiwe, na kwamba wiki inayofuata kutakuwa na ibada ya shukrani kwa wale waliosimama imara.

Alhamisi Cucu alivaa sweta yake ya kanisa, akanishika mkono, tukaingia. Daktari alimwangalia kwa muda mrefu. Alimulika jicho la kulia akamwuliza mwanga unatoka wapi, Cucu akaonyesha upande usio wake. Akamulika la kushoto. Cucu akasema, "Umewasha?" Daktari akazima tochi, akaketi, akamweleza kwa upole kwamba presha imeua mishipa yote miwili, angeweza kuutoa weupe ule lakini nyuma yake hakuna tena kinachoona. Cucu aliuliza kama kungekuwa tofauti wakati wa mavuno. Daktari akanitazama mimi. Kisha akamwambia ukweli: ndiyo, ingekuwa tofauti. Cucu akashukuru, akainuka, akauliza mlango uko wapi. Njia nzima nilizungumza mimi. Nililaani loji na kanisa, vigilasi na hema, nikasema nitaenda Jumapili nisimame mbele niwaambie wamefanya nini. Aliniacha nimalize. "Ukishawaambia," alisema, "watanirudishia macho? Au watachukua hema pia?"

Kwa hiyo Jumapili tulikwenda. Pasta Muiruri alimwita mbele, nami nikamwongoza kwa kiwiko mpaka karibu na madhabahu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua jinsi ya kumwongoza. "Muone huyu mama," pasta alisema, na sauti yake ilikuwa na upendo wa kweli. "Alikubali giza kuliko mwanga wa shetani." Kanisa lote likasimama. Akina mama wa kikundi wakapiga vigelegele, mwenyekiti wao akamvika Cucu leso mpya mabegani, watu wakapiga makofi mpaka mabati yakavuma. Mimi nilisimama kando yake, mikono imeninyooka, nimeuma meno. Cucu alikuwa akitabasamu kuelekea ukutani. Akaniinamia, akaninong'oneza bila kuacha kutabasamu.

"Piga makofi, mami. Watakuona."